Walinililia Ningali Hai

Haya nayaandika kwa ajili yako uliyelala mahali, macho yamefumba, unasikia watu wakikuzungumzia kana kwamba umeshaondoka. Nayaandika pia kwa aliyekaa kando ya kitanda cha mtu kama huyo. Huyo wa pili simpendi sana, lakini naye asome.

Masista walionifundisha kuandika waliniambia nisishike kalamu nikiwa na hasira. Nimengoja. Mvua zimenyesha na kukatika, mwaka hadi mwaka, tangu nitoke kambi ya malale, na hasira haijaondoka. Imejifunza tu kukaa na watu. Basi naandika nayo.

Sitaeleza malale ni nini. Watu wa serikali wanazo picha za ndorobo, wanazibandika kwenye miti. Mimi naeleza yaliyonipata.

Jina langu Holo. Nilikuwa mke wa Shija, tukikaa upande wa Bukombe, ukingoni mwa miombo. Mwaka ule Shija alikuwa ameondoka kwenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu, kama walivyofanya wanaume wengi wa rika lake. Nyumbani tulibaki watatu: mimi, mama yake mzazi, na binti yangu Tereza, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa.

Ulikuwa wakati wa kiangazi, watu wanarina asali na sisi wanawake tunakusanya kuni za kutosha kabla ya mvua. Kuumwa na ndorobo kule kwetu ni kama kujikwaa njiani, hakuna anayekumbuka ni lini. Nilichokumbuka ni tezi nyuma ya shingo, zilizojipanga kama karanga chini ya ngozi. Halafu kichwa. Halafu muwasho usio na kipele. Mvua za kwanza zilipoanguka nilikuwa nasinzia mchana nikiwa nimesimama, mchi mkononi, uwele haujatwangika kinuni. Usiku macho makavu, sipati hata lepe la usingizi. Tonge likawa linabaki mdomoni, nasahau kulitafuna. Miguu ikaanza kuniburuza badala ya mimi kuiburuza.

Na nikawa mkali. Siku moja mama mkwe aliniuliza tu kama mlenda umeiva, nikamrushia mwiko ukampata begani. Watu wakasema ni pepo. Baadaye, kambini, dresa, msaidizi wa daktari, alinieleza kwamba malale yenyewe huleta ukali wa namna hiyo. Namwamini. Ile ya mwiko iliisha kwa sindano. Hii ninayoandika nayo haikuisha, ndiyo maana najua ni yangu.

Mama mkwe alimleta mganga. Akapasua kuku, akasoma yaliyomo ndani, akainamisha sikio kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

"Ameitwa na wazee wa kwao," akasema. "Wameshamshika mkono."

"Dawa yake?" mama mkwe akauliza.

"Dawa yake ni kumwachia."

Baada ya mganga akaja Gaspari, katekista wetu. Yeye hakupasua kitu. Alikaa kwenye kigoda, akaniinamia, mdomo wake ukinuka vitunguu. "Mama Tereza," akasema, "usishindane na Mungu. Dunia hii ni baraza, tumekaa tunangoja kuitwa ndani. Wewe umeitwa mapema. Kifo chema ni zawadi."

Wawili hao walikuwa hawaamkiani njiani. Gaspari alimwita mganga mtumishi wa shetani, na mganga alimwita Gaspari kasuku wa Wazungu. Hawakuwahi kupatana juu ya mvua, wala ndoa, wala jina la mtoto. Juu yangu walipatana.

Padre alipopita kwenye ziara yake, wakamwomba anipake mafuta. Padre huyo sina neno naye. Alinipaka kwenye macho, masikio, mikono, na nilimsikia vizuri akiomba nipone. Aliomba nipone! Kisha akapanda baiskeli yake akaenda zake. Lakini vumbi la baiskeli halijatua, watu walikuwa wameshasikia maneno mengine kabisa: kwamba mzigo wangu umefungwa na kilichobaki ni kuubeba.

Siku hiyo uji ukakoma.

Hakuna aliyesema "tumnyime." Sitaki udhani niliishi na wauaji. Wifi yangu Milembe, dada yake Shija, alikuja na kibuyu cha uji kama kawaida yake, na mama mkwe akamwambia kwa sauti ya huruma, "Mwache, unamsumbua tu." Wakawa wananilowesha midomo kwa kitambaa. Wazee wakaja, wakakaa nje ukutani, wakajadili mahali pa kuchimba, kwa kuwa upande wa mashariki wa boma una mwamba. Milembe akachukua kaniki yangu mpya, ile niliyokuwa nimeivaa mara moja tu, akasema haifai ioze na mtu. Na Tereza alipolia mlangoni akitaka kuingia, nikasikia wakimzuia.

"Mtoto asizoee maiti."

Maiti ilikuwa mimi.

Nataka uelewe hili vizuri, wewe uliyekaa kando ya kitanda. Nilisikia kila kitu. Macho yalikataa kufunguka, ulimi ulikuwa kama kipande cha ngozi kikavu, mikono ilikuwa ya mtu mwingine. Masikio yalikuwa yangu. Nilisikia kuku wakiparua kwenye nyasi za paa. Nilisikia walipomwagiza mtu anayekwenda Geita ampelekee Shija habari, na habari yenyewe ilikuwa: mkeo amekwisha. Nilisikia mama mkwe akianza kulia kile kilio chembamba cha kujaribu sauti.

Gaspari alikuwa ametufundisha sala ya kuomba kifo chema, tuliisali kila jioni baada ya rozari. Nikaianza kichwani. Nilifika katikati, pale pa kusema nayapokea kwa furaha, nikakwama. Nikarudi mwanzo, nikakwama palepale. Ndipo nikamwambia Mungu maneno ambayo hakuna aliyenifundisha. Nikamwambia: Sitaki. Nina mtoto. Nina njaa.

Sala zangu zote za nyuma zilikuwa za Gaspari. Hiyo ilikuwa ya kwanza yangu.

Kaka yangu Lukasi alifika kutoka Ushirombo akiwa amebeba unga wa matanga. Kilio kilikuwa kimemfikia kwake, kimepita mdomo hadi mdomo. Aliingia ndani akapiga magoti, akanigusa paji la uso kama mtu anayeaga, na mimi nikakusanya nguvu zote zilizobaki mwilini, nikazipeleka kwenye ulimi.

"Kaka. Njaa."

Aliruka nyuma akagonga chungu. Alichukua ule unga aliouleta kwa waombolezaji wangu, akakoroga uji yeye mwenyewe, mwanamume mzima mbele ya jiko la wakwe zangu, akaninywesha kwa kidole. Kwanza kidole, halafu kijiko. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Lukasi, unamrudisha njiani. Mwache afe kwa amani."

"Amani ya nani, mayu?" Lukasi akamjibu. Kule kwetu mayu ni mama, na alilitamka kwa heshima, lakini kijiko hakukiweka chini. "Yake au yenu?"

Gaspari naye akaja mbio, akaeleza kwamba kambini wanatoboa watu migongo, kwamba hakuna anayerudi, kwamba mtu aliyekwisha kupakwa mafuta hafai kwenda kufia mikononi mwa wageni. Lukasi alikuwa anafunga machela. Alifunga fundo, akalivuta kulijaribu, akafunga la pili. Walinibeba yeye na vijana wa ukoo wetu, na tulipokuwa tunatoka nikamsikia Tereza akikimbia nyuma yetu akiniita, mpaka mtu akamkamata.

*

Kambi ya malale ilikuwa vibanda vya nyasi kwenye eneo lililofyekwa, hakuna kichaka, hakuna kivuli. Pa kungojea palikuwa banda lisilo na kuta, na magogo ya kukalia yaliyolainishwa na makalio ya wagonjwa. Huko ndiko niliishi kweli, kwenye lile gogo. Unangoja dresa afungue. Unangoja bwana daktari aje kutoka kambi nyingine. Unangoja jina lako. Mwenzako wa kulia anasinzia, kichwa kinakuangukia begani, unakirudisha, kinaanguka tena. Wa kushoto anacheka peke yake. Ukiitwa, huna hakika kama umeitwa wewe.

Sindano za mkono zilikuja kwanza. Mdomo ulikuwa na ladha kama nimelamba jembe, nikatapika, nikatetemeka juani. Sindano ya mgongo ni jambo jingine. Unaambiwa ukunje mgongo kama paka, unashikwa mabega na magoti, na unajua kwamba mtu yuko nyuma yako na huwezi kumwona uso. Baadaye unalala chali bila kuinua kichwa, kichwa kinapasuka, unahesabu nyasi za paa. Mimi nilikuwa natukana. Nilitukana kwa Kisukuma, nikatukana kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipoisha nikatukana kwa Kilatini cha kanisani, ambacho sikijui maana.

Kutoka kibanda cha jirani sauti ya mwanamke ikasema, "Mashallah. Huyo hafi leo."

Ndivyo nilivyomjua Bi Tatu. Alikuwa mjane wa mwuza nguo wa Kahama, Mwislamu, mama yake Mnyamwezi na baba yake Mmanyema aliyekuja na misafara zamani. Hakuwa na mtoto. Mwili ulikuwa umemwisha, lakini alikuwa akipaka wanja kila asubuhi, na wachuuzi wa samaki wakavu walipofika kwenye uzio alikuwa anawachambua mpaka wanakimbia. Chini ya kichwa chake aliweka bunda la kitambaa cheupe, kimekunjwa vizuri. Nilidhani ni mto.

"Ni sanda yangu," akanieleza siku moja, kwa sauti ileile ya kueleza bei ya dagaa.

Nilishikwa na hasira hata nikasimama. Nimetoka kwa watu wanaonikalia matanga ningali hai, nimebebwa kwenye machela, nimetobolewa mgongo ili niishi, halafu nalazwa jirani na mwanamke anayelalia kifo chake!

"Itupe," nikamwambia. "Unakiita."

"Nani kakwambia? Nikifagia uwanja nawaita wageni? Wageni huja wakitaka. Mimi nafagia kwa sababu uwanja ni wangu."

"Nyote mna maneno mazuri. Katekista wetu naye alikuwa nayo."

Akanitazama kwa yale macho ya wanja. "Huyo katekista wenu alikuuliza unataka nini?"

"Hapana."

"Mganga?"

"Hapana."

"Basi usinifananishe nao. Hii nimeinunua mwenyewe, nikaikata mwenyewe. Nikishamaliza habari ya kufa nabaki na siku nzima ya kufanya mengine. Hebu lete kichwa nikusuke, unatisha watu."

Sikukubaliana naye siku ile, na sina hakika kama nimekubaliana naye mpaka leo. Lakini nilipeleka kichwa. Kipindi chote cha masika alinisuka, na ilipofika wakati wa kuvuna uwele vidole vyake vilikuwa vinatafuta nywele kwa kupapasa. Zile sindano zilizokuwa zinamtoa usingizini zilikuwa zinamla macho. Dresa alikuwa ametuonya kwamba huwapata baadhi ya watu. Mimi zilinipa miguu yangu, yeye zikamchukulia mwanga wake, na hapakuwa na sababu yoyote. Mtu asiniambie kulikuwa na sababu. Nimewachoka watu wa sababu.

"Unasali nini wewe?" nikamwuliza, nikiwa namwongoza kwenda kuoga. "Unamshukuru?"

"Siku nyingine namshukuru. Siku nyingine namwambia, Ewe Mola, hili umelizidisha."

"Inaruhusiwa?"

"Ah! Kwani hajui?"

Tulicheka mpaka akaniegemea. Nilikuwa sijacheka tangu mvua za kwanza za mwaka uliopita.

Alikufa asubuhi ya upepo, kiangazi kikiwa kimeshika. Nilikuwa nimemshika mkono. Hakusema neno la kukumbukwa, alikuwa anaomba maji na maji yalikuwa mdomoni mwake tayari. Kabla ya hapo, wiki nzima alikuwa amenirudia jambo moja tu: aoshwe na wanawake wa Kiislamu, avikwe sanda yake, asitupwe shimoni kama mzoga. Kambini Mwislamu mwanamke hakuwapo mwingine.

Dresa alikuja na watu wawili na jamvi. "Tunazika mchana huu," akasema. "Joto kali."

"Hamziki."

"Mama Tereza, kambi haina utaratibu wa dini ya kila mtu. Amekufa. Hajui."

Hajui. Maneno yaleyale, sauti ileile ya huruma! Nilikwenda nikasimama kwenye mlango wa kibanda, nikashika miti ya pande zote mbili. Miguu yangu ilikuwa bado kama mabua, na yule dresa angeweza kunisukuma kwa kidole.

"Mimi nilikuwa sijui," nikamwambia. "Nilikuwa sijui hivyohivyo, na nilisikia mpaka kuku juu ya paa. Madukani Segese kuna wanawake wa Kiislamu. Mtu aende akawaite. Usipotuma mtu, itabidi unizike naye, kwa kuwa sitoki hapa."

Nilipiga kelele. Sikumbuki yote niliyosema. Wagonjwa waliokuwa wanasinzia kwenye magogo wakaamka, wakaja, wakasimama nyuma ya dresa, na wengine nyuma yao. Dresa alikuwa kijana, amechoka, na nadhani mwaka ule alikuwa amezika watu wengi kuliko alivyotaka kukumbuka. Akavua koti lake jeupe, akachukua baiskeli, akaenda mwenyewe.

Walifika alasiri, wanawake watatu wamejitanda kanga, wakanisalimu kana kwamba mimi ndiye mfiwa. Nikawapa lile bunda. Mkubwa wao alilikunjua, akapitisha mkono kwenye kitambaa, akasema, "Amekata vizuri." Wakafunga mlango. Nilikaa nje nikasikia maji yakimwagika taratibu, na sauti zao zikimwambia kila wanachomfanyia: sasa tunakugeuza, bibi, sasa mkono wa kulia. Walikuwa wanazungumza naye. Walijua amekufa, na walizungumza naye. Mimi nilikuwa hai, na hakuna aliyenisemesha. Nililia hapo kwa hasira na kwa wivu. Nilimwonea wivu maiti.

*

Waliponiambia mgongo wangu ni safi, Lukasi alikuja kunichukua. Aliniuliza niende Ushirombo nikakae kwake. Nikasema nina mtoto Bukombe.

Watoto wa jirani waliniona wa kwanza, wakakimbia. Mwanamke mmoja aliacha mtungi barabarani. Kwenye boma letu mama mkwe alitoka nje akiwa ameshika ungo, akasimama, ungo ukamwinama na mtama wote ukamwagika. Nywele zake zilikuwa fupi. Walikuwa wamekwisha kunyoa. Kwa kukosa habari, walikuwa wameyamaliza matanga yangu.

"Usiingie," akasema. "Holo, kama ni wewe, usiingie. Lazima upitishwe kwenye moshi kwanza. Upewe jina jingine. Umetoka kwa wafu."

"Nimetoka kambini, mayu. Niliokuwa nao ni watu."

"Tulikulilia!"

"Nilisikia mlivyoanza. Sikufa. Mkitaka kutakasa, jitakaseni wenyewe."

Nikampita nikaingia nyumbani kwangu. Milembe alikuwa ndani amevaa kaniki yangu, na nyuma ya miguu yake alikuwa Tereza. Mwanangu alinitazama, kisha akainua uso kumtazama shangazi yake, akamwuliza, "Mama, huyu nani?"

Malale haikunifanyia kitu kama hicho. Sindano ya mgongo haikunifanyia.

Shija alikuwapo. Alikuwa amerudi kutoka Geita kiangazi kilekile Bi Tatu alipokufa. Tulikaa nje tukitazamana kama wageni wa safari moja. Alikuwa amekonda, kikohozi cha vumbi la mashimo kimemwingia.

"Habari ilinikuta chini, shimoni," akasema. "Wenzangu walinipandisha, wakaninyoa. Nilikuzika, Holo. Moyoni nilikuzika."

"Mtu akikuambia mke wako amekwisha, ukarudi, ukakuta amepelekwa kambini, huendi kambini? Kambi si mbali. Hata kaburi, Shija. Hata kaburi hukuja kulitafuta."

Alikwaruza udongo kwa kijiti.

"Niliogopa nitakukuta," akasema.

"Kaburini?"

"Hai. Katikati. Hai usiye hai. Nilikuwa nimeshamaliza kulia, sikuweza kuanza tena."

Nimeyafikiri maneno hayo miaka yote hii. Hakuwa mtu mbaya. Alilelewa na mama aliyeamini kwamba wafu ndio wenye nyumba na sisi ni wapangaji, akabatizwa na katekista aliyemwambia kwamba dunia ni baraza. Hakuna aliyemfundisha kumkalia mtu aliye katikati. Najua. Lakini sikurudi kulala naye mpaka mvua zilipokatika, na katika muda wote huo kazi yangu ilikuwa moja, kumrudisha mwanangu. Sikumlazimisha kuniita mama. Nilimpikia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nikamwacha ale kwa shangazi yake akitaka. Siku moja aliumwa tumbo, akaja kitandani kwangu mwenyewe, akaninusa shingo kama mbuzi anavyomnusa mwanawe, akalala. Asubuhi akaniita, nikaitika kana kwamba ni kitu cha kawaida, kisha nikatoka nje nikashika mti.

Padre aliporudi kwenye ziara nilikwenda kuungama. Nikamweleza dhambi zangu, na mwisho nikamwambia kuna hasira, ila hiyo siitubu, asinipe kitubio chake. Nilimsikia akijisogeza upande wa pili wa kitambaa kilichotutenga. Nilidhani atanifukuza.

"Unasali bado?" akauliza.

"Nasali. Ile ya kifo chema nimeiacha. Namwambia yaliyopo."

"Basi endelea kumwambia," akasema, "na hasira hiyo mwambie yeye pia." Akaniondolea dhambi. Gaspari mpaka leo ananiambia kwamba mimi ni mgumu wa roho. Namwambia ndiyo.

Mama mkwe alianza kuumwa mwaka ambao mtama ulikauka shambani. Kifua, kisha miguu kuvimba, kisha akalala. Shija alikuwa amerudi Geita, Milembe ameolewa mbali. Nilibaki mimi. Majirani walipoanza kunong'ona mlangoni niliwafukuza kwa ufagio, nikaingia na uji. Nilimnywesha kwa nguvu. Nilimwambia atapona, nilimwambia akaze roho, nilimweka kwenye vita yangu bila kumwuliza, mpaka siku moja alifunga mdomo, uji ukamtiririka kidevuni.

"Holo," akasema. "Wewe ulikuwa hujachoka. Mimi nimechoka. Kweli nimechoka."

Nilikaa nimeshika kijiko. Nilikuwa nimekuja kumfanyia kilekile walichonifanyia, ila kwa upande wa pili. Nikaweka kibuyu chini.

"Unataka nini, mayu?"

Alifikiri. "Ugoro," akasema.

Nikaenda kumtafutia ugoro. Alivuta, akapiga chafya, akafurahi. Tangu siku hiyo nikawa namwuliza kila asubuhi. Siku nyingine alitaka kutolewa juani. Siku nyingine alitaka Tereza amwimbie wimbo wa kulima. Siku moja alitaka nikae tu, nikakaa.

"Nilijua unasikia," akasema, bila kunitazama. "Wakati ule. Niliona kope zako zinacheza nilipokuwa nalia. Nilijua. Nikaogopa, nikaendelea kulia."

Nilitoka nje nikachukua shoka, nikaenda kwenye gogo la mninga lililoachwa na Shija kwa kuwa lilimshinda kupasua. Nikalipiga. Nililipiga mpaka viganja vikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, Tereza akaja akasimama mbali, hakuthubutu kuniita. Kama kuna msamaha unaoshuka kama umande, haukushuka. Nilikuwa na hasira jua lilipokuwa juu, nilikuwa nayo lilipoinama.

Kisha nikakumbuka kwamba amelalia ubavu mmoja tangu asubuhi, na hawezi kujigeuza. Nikaacha shoka pale kwenye gogo, nikanawa mikono, nikaingia ndani.

"Sasa nakugeuza, mayu," nikamwambia. "Mkono wa kulia kwanza."